Figo Langu Limetangulia

Kwetu Mbagala, Dar es Salaam, wanawake hawaendi makaburini siku ya maziko. Wanaume waliliinua jeneza la kaka yangu, wakatoka nalo wakipokezana mabegani, nasi tukabaki ndani na mikeka yetu na kilio cha mama. Shangazi mmoja alinishika mkono akanikalisha, akaniambia nisichungulie dirishani. Sikuchungulia. Lakini nilikuwa najua jambo ambalo wengi mle ndani walikuwa wamelisahau kwa majonzi: ndani ya sanda ile, upande wa kulia chini ya kitovu, lilikuwemo figo langu la kushoto. Kipande cha mwili wangu kilikuwa kinakwenda kuzikwa, na mimi nimekaa mkekani napokea pole.

Walioosha maiti lazima waliliona kovu. Sijui kama waliambiwa kwamba kaka anazikwa na mafigo matatu. Wanapopandikiza hawayatoi yale ya zamani. Huyaacha huko huko mgongoni yakiwa yamesinyaa, na jipya hulilaza mbele, kwenye nyonga, ambako mishipa mikubwa ya damu inafikika kwa urahisi. Nilielezwa hivyo na daktari wa upasuaji kabla ya mimi na kaka kuingizwa chumba cha upasuaji. Nakumbuka nilifurahi kusikia kwamba figo langu litakaa mbele, mahali anapoweza kuliwekea mkono.

Siku za matanga nilisikia maneno yakizunguka kwenye mikeka, ya sauti ya chini, ya watu wasiokusudia ubaya: figo la dada lilimkataa. Kila aliyefika alilichukua neno hilo akaondoka nalo. Nilikuwa sina nguvu ya kusimama kulirekebisha, na katika msiba mtu hasimami kujibishana na wanaomlilia ndugu yake. Basi nalisema hapa. Figo halikumkataa kaka, wala yeye hakulikataa. Lilifanya kazi vizuri mpaka wiki zake za mwisho. Kaka aliuawa na kuvu, kiumbe kidogo kisichoonekana kwa macho, kilichotoka mapafuni kikapanda hadi kwenye utando wa ubongo.

Wengi wetu hapa mjini tunaijua fangasi ya vidole vya miguu, mapunye ya watoto, utando mweupe mdomoni mwa mtoto mchanga. Tunanunua dawa ya kupaka duka la dawa la mtaani, yanaisha. Kwamba kuna fangasi inayoingia ndani ya kichwa cha mtu mzima ikamuua, sisi tulikuja kulijua hospitalini, tayari tumechelewa.

Mwili wa binadamu umeumbwa kukataa. Usiku na mchana unakagua kila kinachoingia, na kisicho chake unakishambulia. Ukiuwekea figo la mtu mwingine, hata la ndugu wa tumbo moja, unaliona geni. Pacha wa kufanana ndio wenye nafuu, na ndiyo maana upandikizaji wa figo wa kwanza uliofanikiwa, ule wa Boston, Marekani, tarehe 23 Desemba 1954, ulikuwa wa pacha kwa pacha. Sisi wengine tunahitaji dawa za kushusha kinga ili kilichotolewa kipokelewe. Ni kama kumwambia mlinzi wa getini asimzuie mgeni fulani, naye kwa kuwa hawezi kumtambua mgeni huyo kwa sura, anaambiwa alegeze kwa wote. Desemba 1967, kule Cape Town, Christiaan Barnard alimpandikiza Louis Washkansky moyo wa mtu mwingine, dunia nzima ikashangaa. Siku 18 baadaye Washkansky alikufa kwa nimonia. Moyo mpya ulikuwa bado unapiga vizuri.

Baada ya msiba nilisoma sana, usiku, kwenye simu. Nilikuwa natafuta mtu wa kumdai. Nikakuta habari ambayo hadi leo haijanitoka. Mwaka 1969 mfanyakazi wa kampuni ya dawa ya Sandoz ya Uswisi alikuwa likizoni Norway, akachota udongo kwenye uwanda wa juu wa Hardangervidda. Ndani ya udongo huo walikuta kuvu, na miaka michache baadaye watafiti wa kampuni hiyo huko Basel wakagundua kwamba kitu kinachotolewa na kuvu ile kinaweza kuituliza kinga ya mwili. Dawa ikaitwa siklosporini. Marekani iliiidhinisha mwaka 1983, na kuanzia hapo upandikizaji ukawa tiba ya watu wengi. Dawa nyingine, mikofenoleti, ambayo kaka alikuwa akiimeza kila siku, asili yake ni asidi iliyopatikana mwaka 1893 na Mwitaliano Bartolomeo Gosio kwenye ukungu wa mahindi yaliyoharibika. Nililisoma hilo mara mbili. Kuvu ndiyo iliyolitafutia figo langu nafasi ndani ya kaka, na kuvu nyingine ikapita hapo hapo. Siwezi kuishukuru moja nikailaani ya pili kama vitu visivyojuana. Miaka tuliyopewa na miaka tuliyonyang'anywa ilipitia sehemu moja, na nimeacha kujaribu kuitenganisha.

Nisimulie kidogo miaka tuliyopewa, maana katika vikao vya msiba haikusemwa ya kutosha.

Kaka alikuwa amekaa kwenye mashine ya kusafisha damu muda mrefu. Wanaojua maisha hayo wanajua: safari ya kutoka Charambe kabla jua halijachomoza, daladala imejaa, saa nne kitini umechomwa sindano nene mkononi, unarudi huna nguvu hata ya kuitikia salamu, na keshokutwa unaanza tena. Maji ya kunywa yanapimwa kwa kikombe. Ndizi anakatazwa, madafu anakatazwa, kwa sababu ya potasiamu ambayo figo lililokufa haliwezi kuitoa na inaweza kuusimamisha moyo. Mkojo hukoma. Mtu mzima, baba wa watoto, anakaa wiki nzima hajui kwenda haja ndogo ni nini.

Zamani waliohitaji figo walikuwa wakipelekwa India, kwa wale ambao Serikali iliwagharimia au ndugu zao waliuza viwanja. Novemba 2017 Hospitali ya Taifa Muhimbili ilifanya upandikizaji wa kwanza nchini, madaktari wetu wakisaidiana na wenzao wa Hospitali ya BLK ya New Delhi, na mwaka uliofuata Hospitali ya Benjamin Mkapa ya Dodoma nayo ikaanza, ikisaidiwa na Wajapani. Habari zile ndizo zilizonifanya nimwambie mama: nitampa. Mama hakujibu siku hiyo. Alikuja kujibu baada ya siku kadhaa, akasema yeye amezaa watoto, hakuzaa mafungu ya nyama ya kugawanya, lakini kama sisi wenyewe tumekubaliana hatatuzuia.

Niliamka kwenye usingizi wa dawa ubavu unawaka. Kabla sijauliza, muuguzi akaniambia figo langu lilianza kutoa mkojo madaktari wakiwa bado hawajafunga kidonda cha kaka. Siku tuliporuhusiwa kuonana aliletwa kwa kiti cha magurudumu, amevaa barakoa, akaniinamia. Hakusema asante. Alisema, "Mdogo wangu, nimekojoa." Tukacheka mpaka mishono ikatuuma, na muuguzi akatugombeza.

Alirudi Charambe mtu mwingine. Dawa saa mbili asubuhi, dawa saa mbili usiku, hakukosa. Prednisoloni, mojawapo ya dawa hizo, ilimjaza uso, na majirani wakawa wanamwambia amenawiri. Alirudi kazini. Alinitumia picha amesimama Rangi Tatu mbele ya mkokoteni wa madafu, dafu lenyewe mkononi. Alimwona mwanawe wa kwanza akianza kidato cha kwanza, akamshonea sare. Mtu akiniuliza figo langu lilisaidia nini, hayo ndiyo liliyosaidia. Yalikuwa maisha kamili, na yanahesabika kama ya mtu mwingine yeyote.

Kliniki walikuwa wamempa maelekezo: avae barakoa, aepuke vumbi la ujenzi, aepuke samadi na kinyesi cha ndege na popo, achemshe maji ya kunywa, matunda ayaoshe na kuyamenya. Alijitahidi, ila Mbagala haikumsaidia. Pembezoni mwa jiji hili ujenzi hauishi, iwe huku kwetu Chamazi, Toangoma na Kongowe, au ng'ambo ya pili Bunju na Mabwepande. Kila mtaa kuna fundi anachanganya zege, lori la mchanga linamwaga, ukuta wa zamani unavunjwa. Vumbi lile limebeba mbegu za kuvu iitwayo aspejilasi, ambayo sisi wenye kinga kamili tunaivuta kila siku na haitufanyi kitu, lakini kwa aliyepandikizwa inaweza kukaa mapafuni ikala nyama. Masika yakija, kuta zinanyonya maji na ukungu unaota nyuma ya kabati. Ushauri wa kukaa mbali na vumbi ni mzuri na daktari lazima autoe. Anayeishi kwenye barabara isiyo na lami hana namna ya kuutimiza wote.

Kuvu iliyomchukua kaka inaitwa kriptokoka. Inakaa kwenye udongo, kwenye miti inayooza, na inastawi hasa kwenye kinyesi cha njiwa kilichokauka. Mtu huivuta kwa pumzi. Kinga ikiwa nzima, inazungukwa mapafuni na kufungiwa huko, pengine maisha yote. Kinga ikishuka, inatoka. Ikifika kichwani inaziba njia ambazo maji ya ubongo hupitia, na shinikizo linapanda ndani ya fuvu ambalo halina pa kutanukia. Kwa waliopandikizwa viungo ni ya tatu kati ya fangasi za ndani ya mwili, baada ya kandida na aspejilasi, na mara nyingi huja baada ya mwaka wa kwanza kupita, wakati mgonjwa na familia yake wameshaanza kupumua.

Ilianza na kichwa. Kichwa tu, bila homa, na hilo nalo lilitokana na dawa: zile zinazoshusha kinga huficha homa, hivyo mtu anaweza kuwa na moto ndani na kipimajoto kikasema hana kitu. Zahanati ya jirani walipima malaria, hakuna. Wakampa dawa za maumivu. Alipata nafuu siku mbili, kikarudi. Pahala pengine wakapima presha, ilikuwa juu kidogo, wakamwongezea dawa ya presha. Wifi yangu akaniambia kwa simu kwamba kaka amekuwa mkali, anasahau, anauliza jambo lile lile. Kisha jioni moja alisimama kituoni Rangi Tatu akaona daladala mbili zimekuja sambamba, akanyoosha mkono kushika mlango wa ile isiyokuwepo. Akaanguka. Vijana wa kituoni walimwinua, wakampigia wifi. Kuona vitu viwili viwili ni dalili ya shinikizo kubana mshipa wa fahamu unaogeuza jicho. Nililijua hilo baadaye, nikisoma.

Hospitalini daktari alitaka kumchoma sindano ya mgongo atoe maji ya uti wa mgongo. Baba mdogo akakataa pale pale. Hofu ile kila familia inaijua: sindano ya mgongo inapoozesha, fulani alichomwa hakuinuka tena. Daktari, kijana mdogo, angeweza kutuandikisha kwamba tumekataa tiba akaenda zake. Alikaa kwenye benchi katikati yetu. Akamwambia, "Baba, wanaokufa baada ya sindano hii wengi walikuwa wanakufa na ugonjwa, na sindano ilikuja mwisho. Huyu kichwa chake kimejaa maji. Nikiyapunguza, maumivu yatapungua leo hii." Baba mdogo alimtazama kwa muda, akasema, "Fanya, mwanangu."

Niliruhusiwa kusimama mlangoni. Waliunganisha mrija wa kupimia, maji yakapanda mpaka juu kabisa, yakawa yanataka kumwagika. Yalikuwa maangavu, hayana dalili yoyote ya ubaya kwa macho. Wakachukua kiasi, wakadondoshea kwenye kikaratasi cha kipimo kinachofanana na kile cha malaria, na baada ya dakika kama kumi mistari miwili ikatokea. Nusu saa baadaye kaka alifumbua macho, akanitazama vizuri, akasema anataka chai ya rangi. Nilikimbia kuitafuta kama niliyeambiwa amepona.

Jioni ile nilimfuata daktari kwenye ukumbi wa wodi. Nilikuwa na swali ambalo sikutaka mama alisikie. Nikamuuliza, "Daktari, inawezekana ilitoka kwangu? Kwenye figo?"

Hakuharakisha kunifariji, na kwa hilo namheshimu. Alisema imewahi kutokea duniani, kuvu hii kusafiri ndani ya kiungo kilichotolewa. Ila ikitokea hivyo huonekana mapema, kwa kawaida ndani ya mwezi wa kwanza, wakati kaka alikuwa amekaa na figo langu miaka akiwa mzima. Akasema hivyo mara ya pili, polepole, akihakikisha nimesikia. Nilisikia. Hata hivyo yapo masaa ya usiku ambapo ile sehemu ya kwanza ya jibu lake inarudi peke yake.

Dawa ya kuua kriptokoka inaitwa amfoterisini. Nayo ilitoka udongoni, kule Venezuela, miaka ya 1950. Ni dawa kali, mgonjwa hutetemeka kitanda kizima kikatikisika, na kinachoumizwa zaidi ni figo. Kuna aina yake iliyofungwa ndani ya vitone vidogo vya mafuta, isiyoumiza figo sana. Mwaka 2022 utafiti uliofanywa katika nchi tano za Afrika, Uganda ikiwemo, ulionyesha kwamba kwa wagonjwa wa VVU dozi moja kubwa ya aina hiyo, ikifuatana na vidonge vya flukonazoli na flusitosini, inafanya kazi sawa na siku saba za ile ya zamani, na Shirika la Afya Duniani likaipendekeza mwaka huo huo. Kaka hakuipata kwa wakati. Alipata ya zamani. Flukonazoli nayo hupandisha kiwango cha dawa za kulinda figo kwenye damu, hivyo ukigusa hiki, kile kinayumba. Madaktari waliisimamisha mikofenoleti ili kinga ipate nguvu, lakini si kwa pupa, kwa sababu kinga ikiamka kwa ghafla hushambulia ubongo uliojaa kuvu na kuuvimbisha zaidi. Kila asubuhi walikuwa wanachagua kati ya mabaya mawili.

Nilikaa kando ya kitanda nikitazama mfuko wa mkojo. Ule mkojo ulikuwa kazi ya figo langu, na niliuona ukipungua siku hadi siku, ukikoza rangi. Daktari akatuambia kwamba kwanza wanamtafuta mtu, figo litafuata kama litafuata. Nikamwambia liache life. Nililisema kwa sauti, nikitaka figo lenyewe lisikie. Life, arudi kwenye mashine, arudi kwenye kikombe cha maji na kukatazwa ndizi, lakini abaki. Sikupata hata hilo.

Wanaotupa pole husema kazi ya Mungu haina makosa, nami naitikia, kwa kuwa ndivyo ninavyoamini. Ila imani hiyo haijanizuia kuuliza kuhusu kazi ya watu. Kuvu hii haikuja mjini kwetu jana. Tangu wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI walipotambuliwa Kagera mwaka 1983, madaktari wa nchi hii wameiona ikiua maelfu, vijana wenye kuumwa kichwa waliozikwa tukaambiana ni malaria iliyopanda kichwani. Kwa mwaka 2020 pekee ilikadiriwa kwamba iliua watu wapatao 112,000 wenye VVU duniani, wengi wao Afrika. Oktoba 2022 Shirika la Afya Duniani lilipotoa kwa mara ya kwanza orodha ya fangasi hatari zaidi kwa binadamu, 19 kwa jumla, kriptokoka ilikuwa ya kwanza.

Na hapa hapa Dar es Salaam, pamoja na Lusaka, ndipo ulipofanyika utafiti ulioongozwa na Dk. Sayoki Mfinanga wa Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu, uliochapishwa mwaka 2015. Walichukua watu waliokuwa wanaanza dawa za VVU wakiwa na kinga ya chini sana. Nusu yao walipimwa damu kutafuta kriptokoka kabla kichwa hakijaanza kuuma, na wakatembelewa nyumbani kila wiki kwa wiki nne za mwanzo na watu wa kawaida waliofundishwa, si madaktari, wa kuwauliza hali na dawa. Vifo vilipungua kwa asilimia 28. Nimeirudia habari hiyo mara nyingi. Kikaratasi cha kipimo kilichompima kaka mwishoni ni kile kile ambacho mtu wa CTC, kliniki ya wenye VVU, anaweza kupimwa nacho mwanzoni. Watu wenye VVU wa jiji hili, walio hai na waliokwisha kufa, ndio waliotulipia ujuzi huo. Waliopandikizwa bado ni wachache, hawana wingi wa kulazimisha mfumo uwakumbuke. Kaka angehitaji mtu mmoja wa kupita Charambe mara kwa mara, akaketi kibarazani akamuuliza: kichwa vipi? Na mhudumu wa zahanati wa kuona kwenye daftari lake neno "amepandikizwa" na kusimamisha kalamu.

Jambo moja lililotokea baada ya maziko lazima niliandike. Mtoto wa kaka, yule wa sekondari, alikuwa anafuga njiwa. Daktari alipouliza kuhusu ndege, watu wazima walisikia, na siku ya tatu ya msiba baba wadogo wawili walikwenda uani wakavunja tundu, njiwa wengine wakachinjwa, wengine wakaruka. Hakuna aliyemwambia mtoto neno. Hakukuwa na haja. Nilimkuta nyuma ya choo, ameshika ubao wa tundu, hatoi sauti. Akaniuliza, "Shangazi, ni mimi?"

Yote niliyoyasoma usiku kwenye simu, nikitafuta wa kumdai, siku ile yalipata kazi. Nilimwambia kuvu ile iko udongoni kila mahali. Nikamwambia kuna watoto walipimwa New York, mjini kabisa, na wengi wa zaidi ya miaka miwili walikuwa wameshakutana nayo, wala hawakuumwa. Nikamwambia pengine baba yake aliivuta akiwa mdogo kuliko yeye, akicheza uani kwa babu yake, ikakaa imefungiwa mapafuni muda wote huo, mpaka dawa zilizompa miaka ya kukaa na wanawe zilipolegeza kufuli. Hakuna daktari anayeweza kuonyesha ni pumzi ipi. Aliniuliza mambo ya mwili maswali mengi, maswali ya kweli, nami nikajibu niliyoweza. Kisha akauliza kama na mimi ninayo mapafuni. Nikasema huenda. Akauliza kama na yeye. Nikasema huenda, na kwamba kinga yake inajua la kufanya.

Wifi yangu alikaa eda, miezi minne na siku kumi, katika chumba ambacho dawa za kaka zilikuwa bado dirishani. Alipomaliza alinipa zile zilizosalia nizirudishe kliniki, kwa kuwa dawa hizo ni ghali na zinatafutwa. Famasi ya kliniki hawakuzipokea. Utaratibu hauruhusu kumpa mgonjwa mwingine dawa iliyokwisha kukaa nyumbani kwa mtu, na nadhani wana haki. Nilikaa nazo kwenye mkoba nikisubiri zamu yangu, maana sisi tuliotoa figo nasi tunarudi kila mwaka: presha, mkojo kama una protini, damu kuona kreatinini.

Pembeni yangu alikaa mama mmoja mtu mzima kutoka Bunju, amekuja na mwanawe aliye kwenye mashine. Binti yake mwingine amepimwa, damu zinaoana, tarehe inatafutwa. Nilimwamkia, akaitikia, tukazungumza. Alipojua kwamba mimi ni mtoaji, akanigeukia mzima mzima.

"Na uliyempa yuko wapi, mwanangu?"

Nikamwambia. Aliinamisha kichwa, akasoma dua kimya, akaniambia pole. Hakuondoka kwenye benchi. Baada ya muda akauliza, "Kama ingekuwa leo, ungetoa tena?"

Nikamwambia ningetoa. Kisha nikamwomba daftari la kliniki la mwanawe, nikaandika kwenye jalada la ndani, kwa herufi kubwa: kichwa kikiuma zaidi ya siku tatu, njoo hapa hapa, msianzie kwingine, mseme amepandikizwa, mwombe apimwe kriptokoka. Nikamsomea. Akanirudishia kwa kusema, neno kwa neno, mpaka kriptokoka ikamkaa ulimini. Akamwita binti yake, yule atakayetoa, aje anisikilize. Binti alikuwa na maswali yake mwenyewe. Alitaka kujua wanakata upande gani, na kama kweli hutaweza tena kubeba ndoo ya maji. Nikamwambia mara nyingi huchukua la kushoto, kwa sababu mshipa wake ni mrefu na unaunganishika vizuri. Ndoo utabeba, nikamwambia, ila si miezi miwili ya mwanzo, na mtafute mapema nani atakuchotea.